Kwenda Kundelungu na watoto: nenda Mei

Mdogo wangu hapa Lubumbashi anataka watoto wake waone maporomoko ya Lofoi, ndani ya hifadhi ya Kundelungu. Amenipigia simu mara nne. Ya tano nimeamua kuandika.

1. Mwezi. Kwetu mvua inaanza Novemba, inaisha Aprili. Ukienda Septemba barabara ni kavu, lakini Lofoi, maji yanayoanguka zaidi ya mita 300, yamebaki uzi, na moshi wa nyika umejaa hewani. Machi maji yananguruma, ila motoka haifiki. Basi ni Mei, tena baada ya wiki ya kwanza.

Mwaka mmoja niliondoka mwisho wa Aprili kwa sababu mjini ilikuwa siku nane haijanyesha. Kumbe jua la Lubumbashi halikaushi tope la kule. Tulinasa saa sita nzima, jeki inazama kama kijiko ndani ya uji. Tangu siku ile siangalii tena mawingu ya mjini. Natafuta madereva wa malori yanayoleta makala ya kupikia na mahindi kutoka upande ule, nauliza: "Jana ulipita?" Jana, si juma lililopita. Na muulize dereva mwenyewe. Tajiri wa lori atakwambia njia ni nzuri siku zote. Akisema alipita kwa kusukumwa, ngoja siku tano. Ikinyesha hata usiku mmoja katikati, anza kuhesabu upya. Hata hivyo beba beleshi, kamba ya kuvutia, na ubao mnene wa kuweka chini ya jeki. Huo ubao ndio sikuwa nao.

2. Ruhusa. Kundelungu ni hifadhi ya taifa tangu 1970, chini ya ICCN, shirika la serikali ya Kongo linalosimamia hifadhi. Pita kwao kabla ya kuondoka, uliza bei na usalama wa njia, shika risiti.

3. Motoka. Inayovuta magurudumu yote manne. Habari za taksi ya rafiki yako usiniletee. Mazuti jaza mjini, na bidoni mbili za akiba.

4. Baridi. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi. Uwanda wa kule unapita 1,600. Kila mtu na blanketi lake, watoto na kofia za sufu. Juni na Julai, blanketi mbili.

5. Chakula. Unga wa bukari (ugali), makayabu (samaki wa chumvi), maji ya kunywa. Mama wa nyumba anajua.

6. Ukingoni. Asubuhi majani yana umande, yanateleza. Usiwaachie watoto mkono, hata wa kupiga picha.