Land Cruiser ya dizeli ikikata mafuta mlimani: tafuta kasoro kabla hujafungua pampu

Mwongozo huu ni wa Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 na silinda sita, ambayo imeinuliwa, ikaongezwa tanki la pili, filta ya kutenga maji, na pengine pampu ya umeme. Hapa Nakuru magari haya ni mengi, na malalamiko ni yaleyale: linakwenda vizuri hadi Naivasha, lakini ukilipandisha Menengai linaanza kukata, linakohoa, mwishowe linazima. Neno la kwanza ambalo mwenye gari huambiwa ni "pampu imekufa", yaani ile pampu kuu inayosukuma mafuta kwa presha kwenye injekta, vinyunyizio vya mafuta ndani ya injini. Mara nyingi pampu ni nzima kabisa. Ndani yake vyuma vimekaribiana mno, na chembe moja ya vumbi inatosha kuikwaruza. Kwa hivyo usikubali ifunguliwe mpaka uthibitishe kwamba mafuta yanaifikia, tena safi na bila hewa.

Hatua ya 1: Uliza, kisha tazama moshi

Linakata wakati gani? Likikata kwenye mwinuko tu, tanki likiwa chini ya nusu, huenda mafuta yamekimbilia nyuma na bomba la kuvutia limebaki likinyonya hewa. Likikata baada ya kwenda muda mrefu, kisha likapona lenyewe ukipumzika, shuku pumzi ya tanki (njia yake ya kuingiza hewa) au uchafu. Likisumbua kuwaka asubuhi tu, kuna mahali panapoingiza hewa usiku na mafuta yanarudi kwenye tanki.

Piga stata ukiangalia ekzosi. Pasipo moshi wowote, mafuta hayafiki. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi maana yake yanafika lakini hayaungui. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, basi anza na filta ya hewa, hasa ukitoka barabara za murram. Na ukiwa Timboroa, juu ya mita 2,700, injini isiyo na turbo itapungukiwa nguvu na kutoa moshi hata ikiwa haina kasoro. Hiyo ni hewa nyepesi, usiisingizie pampu.

Hatua ya 2: Andika kila kitu kilichoguswa

Chukua karatasi uorodheshe kila kiungo, mpira na waya ambao haukutoka kiwandani. Kwenye gari lililobadilishwa, kasoro hupenda kukaa pale mkono wa fundi ulipopita.

Hatua ya 3: Pumzi ya tanki

Kila lita inayotoka kwenye tanki lazima nafasi yake ijazwe na hewa. Bodi ikiinuliwa, kile kimpira cha pumzi huvutika au hukunjika. Kikining'inia chini, matope hukiziba. Gari likianza kukata, simama ufungue kifuniko cha tanki. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, na gari likarudia hali yake, umepata jibu. Usitoboe kifuniko, maana maji ya mvua na ya mito yataingia. Pandisha kimpira hicho juu, ukifunge kwenye bodi na uweke kifilta kidogo mwishoni.

Hatua ya 4: Jaribu na jerikeni

Kipimo hiki ndicho ninachokitegemea kuliko vyote, kwa sababu kinaligawa tatizo mara mbili. Tia dizeli safi kwenye jerikeni, ulifunge imara nje ya kabini, mbali na ekzosi. Toa mpira unaotoka kwenye tanki, na badala yake uunganishe wa jerikeni kwenye mlango wa filta ya kiwandani. Mpira wa mafuta yanayorudi nao uingize kwenye jerikeni hilohilo, la sivyo litakauka huku tanki likijaa. Toa hewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, kisha washa.

Likienda vizuri, kasoro iko nyuma: tanki, bomba, filta iliyoongezwa au vali ya kuchagua tanki. Vali hiyo ikague sana. Inapaswa kubadilisha njia mbili kwa pamoja, ya kwenda na ya kurudi. Nimeona magari ambayo inabadilisha moja tu: injini inanyonya tanki hili na kurudisha kwenye lile, mpaka moja linakauka na jingine linamwagika. Likiendelea kukata hata kwa jerikeni, songa mbele.

Hatua ya 5: Tafuta hewa

Weka kipande cha mpira wa plastiki angavu kati ya filta na pampu. Ukiona mapovu yakipita, hewa inaingia. Hapa wengi hupotea, kwa kuwa hutafuta palipolowa. Upande wa kuvuta hauvuji nje. Unaweza kuwa mkavu kabisa na bado unanyonya hewa. Kagua klipu, mipira iliyopasuka, mipira ya maji iliyotumika kwa dizeli, washa za shaba zilizokazwa mara nyingi, hata pampu ya mkono yenyewe. Kama kuna pampu ya umeme karibu na tanki, iwashe injini ikiwa imezimwa: mwanya ulio mbele yake utajitokeza kwa tone la dizeli.

Hatua ya 6: Maji na mafuta taa

Mwaga mafuta ya chini ya filta kwenye chupa ya kioo, uiache itulie. Maji hukaa chini. Yakiwa mengi, osha tanki, maana filta mpya itajaa tena. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuzuia yasichanganywe na dizeli. Sababu inakuhusu moja kwa moja: pampu hii hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, na mafuta taa hayana ule utelezi. Nunua mahali wanapokupa risiti.

Tafadhali, usikubali tanki lililowahi kutiwa mafuta lichomelewe bila kusafishwa na kutolewa mvuke wote na mtu anayeijua kazi hiyo. Huua watu.

Hatua ya 7: Umeme

Solenoidi ya kuzimia, ile swichi ya sumaku inayofungua na kufunga njia ya mafuta, iko kwenye pampu. Washa swichi, pima kama volti za betri zinaifikia. Ukichomoa na kurudisha waya wake, isikike ikigonga. Taa za ziada na winchi zikiungwa ovyo hudhoofisha ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi.

Hatua ya 8: Nati za injekta

Yakithibitika hayo yote, legeza nati moja ya bomba la injekta huku mwenzako akipiga stata, uone kama mafuta yanatoka. Vaa miwani. Usijaribu hili kamwe kwenye injini za komoni reli (ambazo injekta zote hulishwa na bomba moja lenye presha kubwa) kama 1KD-FTV: presha hupita bar 1,000, na mchirizi wake hupenya ngozi. Ukichomwa, nenda hospitali papo hapo hata kama kidonda ni kidogo.

Ukishatengeneza, rudi kwenye mlima uleule, na kiwango kilekile cha mafuta, mpira angavu ukiwa bado umefungwa. Usipoonyesha povu, uondoe kabla ya safari ndefu, kwani joto la injini huulainisha, na urudishe mpira halisi wa dizeli wenye klipu mpya.