Kabla hujajining'iniza kichwa chini kwa sababu ya mgongo

Kitanda cha kupinduka kinakushika vifundo vya miguu na kukugeuza kichwa chini ili mgongo unyooke. Kabla ya kukipanda, pima presha kwanza. Ukining'inia kichwa chini damu inashukia kichwani, na shinikizo ndani ya macho linaweza kupanda karibu mara mbili. Mwenye presha, glakoma (presha ya macho), ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, mjamzito, mwenye mifupa dhaifu au aliyetoka kufanyiwa upasuaji, kitanda hiki si chako. Usibishane.

Kama mguu umekosa nguvu, sehemu za siri zimekufa ganzi au haja ndogo imekataa kutoka, acha kusoma hapa. Hospitali, leo hii.

Jua pia unanunua nini. Uzito wako unavuta uti wa mgongo, pingili zinaachana kidogo, mshipa wa fahamu uliobanwa unapumua. Unafuu upo, ila mara nyingi ni wa muda. Ukisimama, uzito unarudi palepale. Kule Newcastle, Uingereza, kulitoka utafiti mwaka 2012: wenye diski iliyotokeza, ule mto laini ulio kati ya pingili, waliotumia kitanda hiki pamoja na fiziotherapia, wengi walikwepa kisu kuliko wenzao wa fiziotherapia tupu. Habari njema, ila washiriki wote wangeenea kwenye Hiace moja. Muuzaji hatakwambia hilo.

Vaa suruali. Utaelewa mbele.

Sasa kipimo cha urefu, yaani chuma chenye namba unachokipanga kulingana na kimo chako. Mimi ni fundi cherehani, kiuno kimenisumbua miaka. Kitanda nilikipata mtumba, nikakipanga kwa urefu wangu, kikanifaa wiki mbili. Siku moja mpwa wangu akaja kukijaribu. Ni mfupi, akakisukuma kile chuma chenye namba hadi kwake, akaenda zake. Kesho yake nikapanda na dera langu, nikafunga vifundo vya miguu, nikanyoosha mikono juu.

Kilipinduka kama mlango uliopigwa na upepo. Kipimo kikiwa kifupi kuliko mwili wako, uzito mwingi unabaki upande wa kichwa, kinakuangusha na hakikurudishi. Kuna mkanda wa kuzuia kisipite pembe unayotaka. Wangu ulikuwa kwenye droo ya cherehani, pamoja na vifungo. Dera likaniangukia usoni. Masikio yanavuma, macho kama yanasukumwa kutoka ndani, simu naiona kwa chini ya pindo, juu ya meza, ikiita. Nikajaribu kujikunja nifikie miguu. Kiuno kikasema hapana.

Mwanangu wa miaka sita akatokea na kikombe cha uji. "Mama, unacheza?"

Nikamtuma kwa jirani. Jirani hakuwepo, mtoto akaniletea kijana wa bodaboda, kofia ngumu bado kichwani. Akanisukuma mabega hadi nikalala sawa, huku akitazama ukutani kwa adabu zake zote.

Basi: kagua namba kila unapopanda, hata kama unaishi peke yako. Funga mkanda. Pawe na mtu mzima chumbani. Anza kwa kulala mshazari tu, dakika moja au mbili, wiki za mwanzo usizidishe. Kurudi, leta mikono kifuani taratibu, subiri kwanza pale mwili ulipolala sawa na sakafu mpaka kichwa kitulie. Mimi siku ile niliinuka haraka kwa aibu, nikaangukia rundo la sare za shule.

Usipande na tumbo limejaa. Usipande una mafua au sikio linauma. Ukiona maumivu yanashuka mguuni badala ya kupungua, shuka. Kikague vizuri kama ni mtumba, hasa vishikio vya miguu, maana sponji huisha na chuma hubaki. Ukimaliza kikunje ukifunge kwa kamba, watoto wanakiona bembea. Na mpwa akija, mwambie kimeharibika.