Land Cruiser la zamani "linakunywa" mafuta? Pima hivi kabla hujashusha pampu

Dereva alifika gereji kwangu, Mwanga, hapa Kigoma mjini, na Land Cruiser Hardtop ya tajiri wake na daftari mkononi. Daftari lilionyesha lita moja inakwenda kilomita 6.7. Tajiri alikuwa ameshamwambia: ukirudi tena na hesabu hii, tafuta kazi nyingine. Gari ni HZJ78 iliyonunuliwa mnadani, injini ya 1HZ, silinda sita, cc 4,164, pampu ya dizeli ya zamani isiyo na kompyuta. Gari la namna hiyo likiwa zima na mzigo wa wastani, mimi nimezoea kuliona kwenye kilomita 8 hadi 9 kwa lita. Fundi aliyeliona gari kabla yangu alitaka kushusha pampu na nozeli zote, zile zinazonyunyiza mafuta ndani ya silinda.

Hatukushusha kitu. Siku tatu baadaye hesabu ilisoma 8.4, na injini haikuguswa hata boliti moja. Nitakueleza tulivyofanya, kwa mpangilio uleule, kwa sababu nimeona madereva waaminifu wakifukuzwa kwa hesabu mbovu, na mimi mwenyewe zamani niliwahi kumtia mteja gharama ya pampu ambayo haikuwa na kosa. Lile bado linaniuma.

Hatua ya 1: Achana na geji, jaza tanki mpaka shingoni

Geji ya mafuta ya gari la zamani inafuata boya lililomo ndani ya tanki, na boya lililochoka linadanganya. Hata boya zima linadanganya gari likisimama kwenye mteremko, na mji wetu huu miteremko ndiyo tuliyo nayo.

Nenda kituo kimoja, pampu moja, simama pale pale palipo tambarare, gari likitazama upande uleule kila mara. Dizeli hutoa povu, kwa hiyo pampu itakata kabla tanki halijajaa. Subiri povu litulie, litikise gari kidogo, ongeza taratibu mpaka uyaone mafuta kwenye shingo. Andika namba ya spidomita. Ukirudi, jaza vilevile na uandike lita zilizoingia. Kilomita ulizokwenda gawanya kwa lita hizo.

Usipime kwa safari fupi. Ukienda kilomita 60, gari linatumia lita kama saba na nusu. Ukikosea kujaza kwa lita mbili, hesabu yote imeharibika. Ukienda kilomita 400 zinatumika kama lita 50, na kosa la lita mbili halina uzito.

Jambo jingine la kwetu huku: usipime kwa kwenda Kasulu peke yake. Ziwa Tanganyika liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, na ukishapita Mwandiga unaanza kuipanda nchi ya Buha. Kwenda ni kupandisha, kurudi ni kuteremka. Pima kwenda na kurudi, ujazie palepale ulipoanzia.

Hatua ya 2: Kilomita zenyewe ni za kweli?

Spidomita haijui barabara. Inahesabu mizunguko tu. Ukifunga tairi kubwa kuliko la kiwandani, kila mzunguko unakwenda mbali zaidi ila spidomita inaandika kilekile, na gari linaonekana linakula mafuta. Mfano ni Prado iliyotoka na tairi za 265/70R16, mwenyewe akafunga 265/75R16. Kipenyo kinatoka milimita 777 hivi kwenda 804. Spidomita ikiandika 100, umeshakwenda zaidi ya 103.

Njia rahisi ni simu. Washa programu ya ramani inayorekodi safari, kimbia kilomita 50 au zaidi kwenye lami, linganisha na spidomita. Kwenye ile Hardtop, tairi zilikuwa zimebadilishwa. Spidomita iliandika 420, simu ikasema 437.

Na kama gari lako ni Land Rover lililotoka Uingereza, tazama vizuri maandishi madogo kwenye spidomita. Huenda ni maili. Maili moja ni kilomita 1.609, na nimeona mtu akilalamika miezi kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya 3: Matanki mawili

Hapa ndipo siri ya ile Hardtop ilipolala, na wengi hawapatazami.

Injini ya dizeli haichomi mafuta yote yanayovutwa. Yanayobaki yanarudishwa tankini kwa mpira wa kurudishia. Gari lenye matanki mawili lina vali za kubadilisha tanki, na zinapaswa kubadilisha njia zote mbili kwa pamoja, ya kuvuta na ya kurudisha. Vali ya kurudisha ikikwama, gari linavuta tanki la kwanza na kurudisha la pili. Geji inasoma tanki lililochaguliwa tu. Wewe unaona mafuta yanakwisha, kumbe yanahama.

Dereva aliambiwa tangu gari liliponunuliwa kwamba tanki la pili ni bovu, wasiliguse. Nilitaka liwe tupu kabla ya safari ya kupima, tukafungua boliti ya chini. Dizeli ilitoka mpaka madumu manne ya lita ishirini yakajaa. Yule kijana alichuchumaa pembeni ya gari, hakusema neno kwa muda.

Tukaenda safari. Tuliporudi tanki la kwanza lilipokea lita 63. Kwa spidomita, 420 kwa 63 ni 6.7, namba ileile ya daftari. Tukafungua tena tanki la pili: lita 11. Kwa hiyo zilizochomwa ni 52. Na kilomita za kweli ni 437. Gawanya mwenyewe, utapata 8.4. Nilimpigia tajiri simu mbele ya dereva, nikamsomea hesabu mstari kwa mstari.

Hatua ya 4: Usiamini kila kifaa cha kupachika

Siku hizi watu wanapachika kifaa kidogo chini ya usukani, kinatuma namba kwenye simu. Vingi hupiga hesabu kwa kupima hewa inayoingia, kisha hudhani kila gramu 14.7 za hewa zina gramu moja ya mafuta. Kwa petroli ni sawa. Dizeli huvuta hewa nyingi kupita mahitaji yake, kwa hiyo kama programu haikuwekwa kwa dizeli, matumizi ya mafuta yataonekana makubwa kuliko yalivyo.

Hatua ya 5: Namba bado mbaya? Anzia chini

Sasa gari lina kosa kweli. Anza na visivyo na gharama: upepo wa tairi, asubuhi kabla ya safari. Kisha kimbia kilomita kama 20, tafuta pa kuliacha gari lisimame lenyewe bila kukanyaga breki, sogeza kiganja karibu na kila rimu. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki inashika au beringi imekufa. Piga jeki, zungusha kwa mkono. Kwenye Land Cruiser zenye ngoma nyuma, vijiwiko vya handibreki hujaa vumbi na matope, vikaganda, handibreki ikabaki imevutwa nusu. Vifungue, safisha, paka grisi. Halafu tazama habu za mbele, zile za kuunganisha magurudumu ya mbele unapotaka yavute. Zikiachwa kwenye LOCK baada ya kutoka kwenye matope, difu ya mbele na propela vinazungushwa bure safari nzima.

Eya klina: vumbi jekundu la barabara zisizo na lami huiziba haraka. Puliza kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo, usiigonge chini. Ikichoka, nunua mpya.

Themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Hili naomba unisikilize. Mafundi wengi wanaing'oa ili gari lisichemke. Injini inakaa baridi, na gari la petroli lenye kompyuta linaendelea kumwaga mafuta kama vile ndiyo limewashwa alfajiri. Kama gari linachemka, tengeneza rejeta, themostati irudi. Ijaribu kwenye sufuria: iwe imefunguka kabla maji hayajachemka.

Kwa petroli, pima pia sensa ya joto la maji. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, kwenye nyuzi 20 inasoma kati ya omu 2,000 na 3,000, na kwenye nyuzi 80 kati ya 200 na 400. Ikibaki juu wakati injini ina moto, kompyuta inadhani ni baridi. Sensa ya oksijeni ikiwa hai, volti zake hucheza kati ya 0.1 na 0.9, ikitulia sehemu moja, imechoka.

Kwa dizeli, soma moshi. Mweusi ukiwa na mzigo: mafuta ni mengi au hewa ni chache, rudi kwenye eya klina kwanza. Mweupe wenye harufu kali ya dizeli injini ikiwa ya moto: mafuta hayaungui, shuku nozeli au taimingi, yaani wakati wa kunyunyiza mafuta. Nozeli zipimwe kwenye mashine, zote sita. Pampu ifuate baada ya hapo, tena kwa fundi mwenye benchi ya kupimia. Ile skrubu ya pampu yenye sili, ya kurekebisha kiasi cha mafuta, usikubali mtu aizungushe kwa bisibisi kando ya barabara.

Ile Hardtop tulibadilisha vali ya kurudisha wiki iliyofuata. Dereva bado analiendesha, na kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake ameandika 1.04, namba ya kuzidisha kilomita kila anapojaza.