Jina la ukoo Kołodziej: jinsi ya kutafuta asili yake na kulichora kwenye ramani ya leo

Kołodziej ni fundi wa magurudumu ya mbao. Kabla matairi ya mpira hayajafika vijijini, mkokoteni wa Kipolandi ulitegemea mafundi wawili: kołodziej aliyeunda gurudumu, na kowal, yaani mhunzi, aliyelivika pete ya chuma. Kila eneo lilikuwa na wake. Kwa hiyo usianze kazi hii ukimtafuta babu mmoja wa akina Kołodziej wote, hayupo. Jina lilizuka mara nyingi, katika vijiji visivyojuana, na ramani yake ya leo inaonyesha zaidi neno ambalo watu wa eneo fulani walilitumia kumwita fundi huyo. Hatua zilizo hapa chini zinafaa pia kwa Bednarz (fundi wa mapipa), Garncarz (mfinyanzi), Tkacz (mfumaji) na Młynarz (mwenye kinu).

Unahitaji intaneti, Excel au programu nyingine ya majedwali, na jioni mbili tatu.

Hatua ya 1: Andika jina kama lilivyo

Ł si L. Hutamkwa kama "w" yetu, na "dzie" inakaribia "je", hivyo jina linasikika kama "kowojey", mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na Kiswahili. (Furahia hilo mapema, ni mojawapo ya mambo machache ya Kipolandi tunayoyapata bure.) Kwenye simu, bonyeza L na uishikilie mpaka Ł itokee. Kwenye kompyuta, ongeza kibodi ya Kipolandi kwenye mipangilio, kisha bonyeza AltGr pamoja na L.

Kuna sababu ya kusisitiza hivi. Herufi kama ó na ś, kompyuta inaweza kuzivunja kuwa herufi ya kawaida na alama yake; alama ikiondolewa, inabaki o au s. Ł haivunjiki. Kwa kompyuta ni herufi inayojitegemea, haina undugu na L. Matokeo yake, programu inayosafisha maandishi huifuta kabisa, nawe unaletewa KOODZIEJ au KO?ODZIEJ. Mwandiko wa mkono una mtego mwingine: mstari unaokata Ł huifanya ifanane na t, ndiyo maana orodha zilizonakiliwa na watu wasiojua Kipolandi zina akina "Kotodziej" wengi wasiokuwepo duniani.

Tengeneza orodha ya maumbo utakayoyatafuta kila mara, usiitegemee kumbukumbu: Kołodziej, Kolodziej, Kotodziej, Kołodzej, Kolodzey, Kollodzey.

Hatua ya 2: Lipasue jina

Koło ni gurudumu. Sehemu ya pili, -dziej, ni ya kale na maana yake ni mtendaji. Iko pia kwenye złodziej (mtenda uovu, yaani mwizi), dobrodziej (mtenda wema, mfadhili) na czarodziej (mtenda uchawi). Kwa hiyo kołodziej ni mtenda-gurudumu, neno la Kislavoni tupu lisilo na mkopo ndani yake.

Kisha tazama mkia wa jina, kwa sababu mkia ndio wenye habari za mahali.

Kołodziejczyk na Kołodziejczak zote zilianza na maana ya mtoto au kijana wa kazi wa fundi huyo. Tofauti ni ya lahaja: -ak na -czak zimeshamiri Wielkopolska, eneo linalozunguka Poznań, na -czyk imeenea katikati na kusini mwa nchi. Ukikuta -uk au -czuk, kama Stelmaszuk, uso wako uelekee mashariki, kwenye mpaka wa Belarusi na Ukraine.

Kołodziejski ni habari nyingine. Kiambishi -ski kinaweza kutokana na jina la kijiji, na vijiji vinavyoitwa Kołodzieje vipo. Chini ya watawala wa kwanza wa Polandi, wale wa nasaba ya Piast, vijiji vizima viliwekwa kumhudumia mtawala kwa kazi maalumu: Kowale ya wahunzi, Szczytniki ya waunda ngao, Piekary ya waoka mikate. Mtu aliyehama kutoka Kołodzieje angeweza kuitwa Kołodziejski bila kugusa gurudumu maisha yake yote. Lakini wengine walibandikwa -ski kwa sababu tu ilisikika vizuri zaidi. Jina peke yake haliwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo mawili, na -ski si ushahidi wa ukabaila hata kidogo, wacha wauza nembo za ukoo waseme watakavyo.

Hao hao watakuambia pia kwamba umetokana na Piast Kołodziej, baba wa nasaba ya kifalme. Mwandishi wa kwanza kumtaja Piast, Gallus Anonymus, mwanzoni mwa karne ya 12, alimtaja kama mkulima. Gurudumu alipewa na simulizi za baadaye.

Hatua ya 3: Orodhesha majina mengine ya kazi ileile

Wengi huiruka hatua hii, kisha wanashangaa kwa nini ramani yao ina shimo. Mahali pasipo na akina Kołodziej, magurudumu yalikuwepo. Fundi ndiye aliyeitwa kwa neno jingine. Andika haya kando: Stelmach, lililotokana na Stellmacher la Kijerumani, pamoja na watoto wake Stelmaszczyk, Stelmaszak na Stelmachowski, Koleśnik, la upande wa mashariki, Kołodij, umbo la Kiukraine. Ng'ambo ya mpaka wa kusini utakuta Kolář kwa Wacheki na Kolár kwa Waslovaki. Kila jina lipewe safu yake kwenye jedwali.

Hatua ya 4: Pata idadi ya leo

Polandi ina rejesta ya wakazi iitwayo PESEL, na serikali huchapisha orodha ya majina ya ukoo yaliyomo, pamoja na idadi ya watu wa kila jina, kwenye tovuti ya data huria dane.gov.pl. Tafuta "nazwiska PESEL". Kuna faili mbili: la wanaume na la wanawake.

Pakua yote mawili. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuchukua la wanaume na kuridhika. Kołodziej na Kołodziejczyk hazibadiliki kwa jinsia, basi jumlisha safu mbili zenye tahajia ileile. Kołodziejski kwa mwanamke huwa Kołodziejska. Usipoijua kanuni hiyo utadhani ni ukoo wa wanaume watupu. Majina mawili yaliyounganishwa kwa kistari yana mistari yake, nawe uamue mapema kama utayahesabu au la. Ushauri wetu: yaache, ila uandike kwamba umeyaacha.

Usilifungue faili kwa kulibofya mara mbili. Fungua Excel kwanza, ingiza data kutoka faili la maandishi, na uchague UTF-8 (mfumo wa kusimba herufi unaotunza Ł). Vinginevyo Ł zote zitageuka takataka, nawe utakuwa umerudi hatua ya 1.

Hatua ya 5: Gawanya kwa eneo, kisha kwa watu

Kwa mgawanyo wa kimkoa, chanzo kinachoaminika zaidi bado ni kamusi ya majina ya ukoo ya Kazimierz Rymut, juzuu 10, iliyotolewa Kraków 1992–1994. Kila jina lina idadi kwa mkoa, kwa vifupisho: Ka ni Katowice, Kr ni Kraków. Angalia lakini: hiyo ni mikoa 49 iliyodumu 1975 hadi 1998. Leo mikoa ni 16, na mipaka haikufuata ileile. Usijaribu kugeuza takwimu za zamani kuwa za mikoa mipya kwa kukisia. Chora ramani yenye mipaka ya wakati ule.

Ramani za mtandaoni hushuka hadi powiat, yaani wilaya, ambazo ni 380 ukihesabu majiji 66 yenye hadhi ya wilaya. Zinapendeza, na zinadanganya. Ukipaka rangi kwa idadi tupu utapata ramani ya mahali penye watu wengi: Warszawa itang'aa kwa jina lolote. Gawa idadi ya wenye jina kwa idadi ya wakazi, zidisha kwa 100,000. Tuseme wilaya A ina wakazi 400,000 na wenye jina 200: ni 50 kwa kila laki. Wilaya B ina wakazi 50,000 na wenye jina 60: ni 120. Kwa idadi tupu A inaongoza. Kwa uwiano B imeipita zaidi ya mara mbili, na ndiko kwa kwenda kuchimba.

Uwiano nao una ugonjwa wake. Katika wilaya ya watu 20,000, familia moja yenye wajukuu wengi, tuseme watu 30, inatoa 150 kwa laki, na inawaka kuliko zote. Wilaya yenye wenye jina chini ya 50 ipake kijivu.

Ukimaliza, Kołodziej itakusanyika kusini: Śląsk, Małopolska na Podkarpacie.

Hatua ya 6: Ondoa kivuli cha 1945

Ramani ya leo ina madoa magharibi, kuzunguka Wrocław na Szczecin. Usiyasome kama asili. Mipaka ya Polandi iliposogezwa magharibi mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wajerumani waliondolewa huko, na Wapolandi wakahamia, wakiwamo zaidi ya milioni moja waliotoka ardhi za mashariki zilizochukuliwa na Wasovieti. Mikoa ya huko, yaani Dolnośląskie, Lubuskie na Zachodniopomorskie, iwe kwenye jedwali lakini isiingie kwenye hoja ya asili.

Kupata picha ya kabla ya hapo, tumia Geneteka, faharasa ya bure ya ubatizo, ndoa na vifo inayoendeshwa na Chama cha Jenealojia cha Polandi. Andika jina, chagua mkoa, weka miaka, tuseme 1810 hadi 1900. Tafuta kwanza kwa tahajia kamili, kisha uruhusu maumbo yanayokaribiana. Faharasa hii hujazwa na watu wa kujitolea, parokia moja baada ya nyingine, kwa hiyo matokeo 900 ya mkoa mmoja dhidi ya 90 ya mwingine yanaweza kumaanisha tu kwamba huku wamefanya kazi zaidi. Fungua orodha ya parokia zilizoingizwa kabla ya kulinganisha chochote.

Hatua ya 7: Soma kumbukumbu yenyewe

Katika karne ya 19 Polandi ilikuwa imegawanywa kati ya madola matatu, na lugha ya kitabu cha kumbukumbu inafuata dola. Eneo la Urusi: Kipolandi tangu 1808, kisha Kirusi kuanzia 1868, jina likionekana kama Колодзей. Aliyelirudisha kwenye herufi za Kilatini huandika Kołodzej, ndiyo maana liko kwenye orodha yako. Eneo la Austria (Galicia): Kilatini, kwa majedwali tangu 1784, yenye namba ya nyumba. Namba hiyo ni dhahabu, kwani katika kijiji chenye Jan Kołodziej watatu ndiyo inayowatenganisha. Eneo la Prussia: ofisi za serikali kuanzia Oktoba 1874, Kijerumani, Ł imekwisha kufa.

Hapa ndipo jina la kazi linapowaangusha wengi. Katika kitabu cha zamani, "Kołodziej" inaweza kuwa jina, na inaweza kuwa kazi. Chukua mfano wa kutunga: "Laboriosus Mathias Kołodziej". Laboriosus ni cheo cha mkulima wa kawaida. Hakisemi lolote kuhusu magurudumu. Fuatilia ubatizo wa watoto watatu hadi watano wa Mathias huyo. Kama mtoto wa kwanza baba yake ni Mathias Kołodziej, na wa tatu baba ni Mathias Nowak, rotifex (fundi wa magurudumu kwa Kilatini), basi ulikuwa umeshika kazi, jina ni Nowak. Likidumu hadi kwa wajukuu, na mjukuu mmoja ni mfumaji, limekuwa jina la ukoo kweli.

Wanawake watafute kivyao: Kołodziejowa ni mke, Kołodziejówna ni binti.

Kumbukumbu za karibuni hutazipata mtandaoni. Sheria ya sasa huziweka kwenye ofisi ya usajili kwa miaka 100 kwa vizazi, 80 kwa ndoa na vifo, ndipo zinapelekwa kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa.

Hatua ya 8: Wafuate waliotoka

Ujerumani utakuta Kolodziej wengi kwenye miji ya migodi ya Ruhr, kama Gelsenkirchen, Bochum na Dortmund, iliyoajiri maelfu ya wafanyakazi kutoka mashariki mwa Prussia kabla ya 1914. Marekani anza na Chicago, Detroit na Buffalo, na uisahau hadithi ya karani wa Ellis Island aliyebadilisha majina: makarani wale walifanya kazi na orodha za abiria zilizoandikwa bandari ya kuondokea. Jina lilifupishwa baadaye, kazini, shuleni au kwenye hati za uraia.

Afrika Mashariki nayo imo. Wapolandi waliokuwa wamepelekwa Usovieti kwa nguvu walifika kupitia Iran kuanzia 1942, wakawekwa Tengeru karibu na Arusha, Masindi na Koja kule Uganda, na kwingineko. Taipureta za Kiingereza hazikuwa na Ł, basi nyaraka za Kiingereza za kambi zitafute kwa L. Wengi wao walitoka zile ardhi za mashariki. Kama parokia ilikuwa ya Kikatoliki upande wa Lviv, jaribu AGAD, hifadhi kuu ya nyaraka za kale Warszawa, kabla ya kuandika barua Ukraine.

Kwa mazoezi, chukua jina ambalo mashabiki wa soka wanalijua: Timothée Kolodziejczak, beki Mfaransa aliyeanza fainali ya Europa League ya 2015 akiwa na Sevilla, tena Warszawa kwenyewe. Amezaliwa Pas-de-Calais, eneo la makaa ya mawe. Mkia -czak unaelekeza Wielkopolska. Na baada ya mkataba wa kazi wa 1919 kati ya Ufaransa na Polandi, wachimbaji wengi wa Kipolandi waliingia migodi ya kaskazini mwa Ufaransa, baadhi wakitokea Ruhr, ambako watu wa Poznań walikuwa tele. Kwa jina la namna hii, fungua kwanza kumbukumbu za ndoa za Poznań za karne ya 19, kisha za ofisi za Ruhr, na Ufaransa mwisho. Hiyo ni njia ya jina, bado si ya familia yake: ya familia inaanzia kwenye cheti cha ndoa cha babu.