Jinsi ya kutunga maswali ya chemsha bongo yasiyokuumbua ukumbini

Maswali ya miji mikuu na majina ya marais yameshachosha watu. Wanataka mambo ya ajabu, yale ya kumfanya jirani aseme "acha wewe!" Shida ni kwamba mambo ya ajabu huongezwa chumvi kila yanapopita, na hakuna ukumbi unaokosa mwalimu mstaafu wa historia aliyekaa meza ya nyuma akikusubiri uteleze. Mimi huyapitisha hatua zifuatazo kabla hayajaingia kwenye kadi.

Hatua ya 1: Jaza safu nne

Kwenye daftari chora safu nne: nini, wapi, lini, nani. Habari ya "wanasayansi wamegundua kwamba…" hufia hapo hapo, kwa sababu haina wapi wala lini.

Ya twiga wa Malindi inapita: mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme Yongle wa China, na watu wa baraza lake wakamfananisha na qilin, mnyama wa ngano zao ambaye kuonekana kwake ni dalili ya utawala mwema. Lakini ile picha maarufu ya twiga inayosambazwa pamoja na habari hii ni ya 1414, na twiga wake aliletwa kutoka Bengal. Ukionyesha picha hiyo huku jibu lako ni Malindi, umeliwa.

Hatua ya 2: Gonganisha tarehe

Hapa ndipo uongo mwingi hunaswa, na hauhitaji maktaba kubwa. Chukua hadithi hii, ambayo kila apitaye Holili au Taveta keshaisikia: Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaisari Wilhelm, Mlima Kilimanjaro siku yake ya kuzaliwa, na ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda pale.

Sasa weka tarehe. Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani yaliyouweka mlima upande wa Wajerumani ni ya 1886. Wilhelm wa Pili, ambaye kweli ni mjukuu wa Victoria, alikalia kiti Juni 1888. Mwaka 1886 kaisari alikuwa babu yake mzaa baba, Wilhelm wa Kwanza. Mlima ulishakwenda kabla mjukuu hajapata cheo cha kuupokea.

Sababu yenyewe ni ya kibiashara na kisiasa: Karl Jühlke, mtu wa Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akitafuta makoloni Afrika Mashariki, alikuwa ameshapata mkataba na Mangi (chifu) Rindi wa Moshi mwaka 1885. Wajerumani wakaushikilia mlima, Waingereza wakabaki na Mombasa.

Ila usiitupe hadithi. Iulize kama "kweli au si kweli", kisha msomaji wa maswali aeleze hizo tarehe mbili. Hapo ukumbi hulipuka kuliko kwa swali lolote, kwa kuwa nusu yao waliapa ni kweli.

Hatua ya 3: Tenga tukio na tafsiri yake

Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Tano zilikuwa za Kilwa. Hilo ni tukio. "Waswahili walifika Australia kabla ya Wazungu" ni tafsiri, na sarafu hazisemi zilibebwa na nani. Nne zilizobaki zilikuwa za Waholanzi. Basi uliza zile tano zilitoka mji gani.

Vivyo hivyo kicheko cha Kashasha, karibu na Bukoba. Kilianza Januari 30, 1962 kwenye shule ya bweni ya wasichana, kikawapata wanafunzi 95 kati ya 159, na shule ikafungwa Machi. Mitandaoni utasoma kwamba walicheka miezi mfululizo. Hapana. Madaktari walioandika ripoti ya mwaka 1963 walieleza mashambulio ya saa chache hadi siku 16, kicheko kikichanganyika na kilio. Walikuwa wasichana wenye taabu, kwa hiyo swali hili lisomwe bila mizaha.

Hatua ya 4: Namba yenye ubishi isiwe jibu

Vita vya Zanzibar na Uingereza vya Agosti 27, 1896 huandikwa kuwa dakika 38, penginepo 40, penginepo 45. Ukiuliza "dakika ngapi?" umejitafutia ugomvi. Uliza kilicho imara: Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani wa Zanzibar, alikimbilia ubalozi mdogo wa nchi gani?

Hatua ya 5: Jibu lifikirike

Swali zuri humwachia hata asiyejua njia ya kubahatisha kwa akili. "Maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi?" ni swali baya, maana wanafizikia wenyewe bado wanabishana. Geuza: mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, aliliona jambo hilo akitengeneza nini? Timu zitanong'onezana kuhusu nini kinachochemshwa kisha kikagandishwa, na zitafika: aiskrimu.

Hatua ya 6: Andika mgongo wa kadi

Mbele ya kadi ni swali, nyuma ni maelekezo ya mwamuzi. Kadi yangu ya lile swali la Khalid nyuma yake inasomeka hivi:

Jibu: Ujerumani. Kubali pia "Wajerumani". Usikubali "Dar es Salaam": alipelekwa huko baadaye, Oktoba 1896. Akibishiwa kuhusu dakika, sema "chini ya saa moja" na uendelee na swali linalofuata.