Ibada binafsi ya kila siku: namna ya kuianza na kuidumisha

Mwongozo huu ni wa Mkristo anayekwenda kanisani, anayesali kabla ya kula, na ambaye kwenye maombi ya pamoja hana shida hata kidogo. Shida huanza akibaki peke yake na Biblia. Dakika ya tatu anasinzia, dakika ya tano ameshika simu. Mara nyingi huambiwa akaze roho na aombe apewe kiu ya Neno. Kiu ni jambo jema, lakini ibada nyingi zinakufa kwa sababu nyingine: mtu anaamka hajui ataketi wapi, atasoma nini wala ataishia wapi. Hayo matatu yaamuliwe usiku kabla ya kulala.

Hatua ya 1: Vifaa

Biblia ya karatasi yenye utepe, daftari dogo, kalamu, na kipande cha karatasi chakavu. Kazi ya hicho kipande inakuja chini.

Kwa kusoma na kukariri, Union Version ya 1952 bado haina mpinzani. Kiswahili chake kina mdundo unaokaa kichwani, na makanisa mengi ndiyo wanayoisoma madhabahuni. Ukikwama kwenye nyaraka za Paulo, fungua tafsiri ya Biblia Habari Njema usome kifungu hichohicho, kisha urudi.

Biblia ya simu inafaa safarini. Kama ndiyo pekee uliyo nayo, pakua tafsiri nzima ili isihitaji bando, na uiweke simu kwenye hali ya ndegeni tangu usiku. Ukingoja asubuhi, ujumbe utakuwa umekwisha kuingia na jicho limeshauona. Kwa kuamka tumia saa ya mezani, ili kitu cha kwanza kushika kisiwe simu.

Vitabu vya tafakari za kila siku sivikatai, ila visomwe baada ya Biblia. Mtu anayeanza na maelezo ya mwandishi mwingine husoma kifungu akitafuta kile alichokwisha ambiwa.

Hatua ya 2: Mahali na saa

Dakika 20, mahali palepale, ukiwa umeketi. Kitandani chini ya neti hapafai, utalala. Kwenye chumba kimoja cha kupanga chenye watoto, geuza kiti kielekee ukutani na uwaambie wenzako kwamba ukikaa hivyo usisemeshwe.

Alfajiri ni nzuri kwa sababu nyumba imetulia, lakini si sheria. Yesu aliomba alfajiri (Marko 1:35), na mara nyingine alikesha mlimani usiku kucha (Luka 6:12). Anayepanda daladala saa kumi na moja alfajiri afanye mchana wakati wa mapumziko ya kazi. Wenye zamu zinazobadilika, kama wauguzi na walinzi, waachane na saa kabisa: waifunge ibada kwenye tendo, kwa mfano mara tu baada ya kuoga, zamu iwe ya usiku au ya mchana.

Hatua ya 3: Chagua cha kusoma

Hapa ndipo wengi wanapovunjikia, kwa hiyo tukae kidogo.

Jambo la kwanza la kuacha ni kufungua popote. Mtu anafumba macho, anafungua Biblia, kidole kinaangukia mstari, na huo ndio unakuwa neno lake la siku. Mungu hashindwi kusema hata hivyo, lakini mstari unakufikia bila majirani zake. Wafilipi 4:13, “Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu,” watu huutumia kuombea mtihani, biashara na ushindi wa mpira. Mstari wa 12 unasema Paulo alikuwa amejifunza kuweza nini: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Yeremia 29:11 nao, ule wa mawazo ya amani wala si ya mabaya, unatanguliwa na mstari wa 10 unaowaambia waliohamishwa kwamba miaka 70 ya Babeli lazima itimie kwanza.

La pili ni kuanza na mpango wa kuimaliza Biblia nzima kwa mwaka. Piga hesabu. Sura ni 1,189, yaani zaidi ya tatu kila siku. Mwanzo ina sura 50 na Kutoka 40, kwa hiyo aliyeanza tarehe 1 Januari anaingia Mambo ya Walawi kabla mwezi haujaisha. Na kabla ya hapo amepita Kutoka 25 hadi 31, palipo na vipimo vya maskani, kisha 35 hadi 40, ambapo vipimo vilevile vinarudi wakati wa ujenzi. Sura hizo zina utajiri wake, ila zinataka msomaji aliyekwisha kuzoea. Ratiba yenye tarehe ina ubaya mwingine: ukikosa siku nne unadaiwa sura 13. Deni hilo ndilo linalomfanya mtu aikwepe Biblia kama anavyokwepa duka la mangi mwisho wa mwezi.

Ninachopendekeza ni kitabu kimoja, kutoka mwanzo hadi mwisho, kipande kwa kipande, bila tarehe. Utaratibu wa kuanzia ni huu:

Anza na Marko. Ina sura 16, na nusu sura kwa siku itakuchukua wiki tano hivi. Sura ya 14 ina mistari 72, igawe mara tatu au nne.

Kisha Wafilipi. Siku ya kwanza isome sura zote nne kwa mkao mmoja, robo saa inatosha. Ni barua, na barua haisomwi aya moja Jumatatu na nyingine Alhamisi kabla hujaijua yote. Kuanzia siku ya pili chukua mistari sita hadi kumi.

Kisha Mwanzo, sura moja kwa siku. Orodha za vizazi (sura ya 5, ya 10 na ya 36) zipite kwa haraka bila dhamiri kukusuta. Kisha Kutoka 1 hadi 20, na 32 hadi 34. Ukifika hapo utaweza kujichagulia mwenyewe, ila ukichukua Luka, unganisha na Matendo ya Mitume: mwandishi ni mmoja na habari inaendelea.

Kipande kiishie pale wazo linapoishia, hata kama sura haijafika mwisho. Namba za sura na mistari ziliwekwa karne nyingi baada ya vitabu kuandikwa, na mahali pengine zinakata maneno katikati. Marko 9:1 ni mwisho wa maneno yaliyoanza 8:34. Habari ya mtumishi anayeteswa, ambayo watu huiita Isaya 53, inaanza 52:13. Vichwa vidogo vilivyochapwa kwenye Biblia husaidia, ingawa navyo ni vya wachapaji.

Pembeni ya hicho kitabu, Zaburi moja kila siku kwa mfululizo. Zaburi ya 119 ina mistari 176 iliyopangwa katika mafungu 22 ya mistari minane minane. Chukua fungu moja kwa siku. Zote zitaisha kwa kama miezi mitano na nusu. Usiruke zile za kilio. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina aya ya furaha mwishoni, na ukiikuta siku ambayo mambo yako ni mazuri, isome kwa niaba ya jirani aliyefiwa. Mstari wa mwisho wa Zaburi ya 137 usijilazimishe kuugeuza sala yako. Usome, umwachie Mungu ile hasira, uendelee.

Mkatoliki ana njia iliyokwisha kulimwa: masomo ya Misa ya kila siku. Somo la kwanza la siku za kawaida huzunguka kwa miaka miwili, ya Jumapili kwa mitatu. Ushauri wangu ni kwamba mwezi wa kwanza uchukue Injili peke yake.

Sasa usiku, kabla ya kulala: weka utepe mahali pake, fungua ukurasa mpya wa daftari, andika juu “Marko 4:1–20” na namba ya Zaburi. Ni kazi ya nusu dakika, na ukiiacha hii, dakika tano za asubuhi zitaishia kwenye kupekua.

Hatua ya 4: Soma mara mbili, andika sentensi tatu

Soma kwa sauti ya chini, mara ya kwanza bila kalamu. Macho peke yake huteleza. Mdomo ukihusika, mwendo unapungua. Mara ya pili jibu maswali matatu, kila moja kwa sentensi moja au mbili. Kifungu kinasema nini? Kinamwonyesha Mungu akoje? Leo, kabla jua halijazama, nifanye nini au niombe nini?

Kosa la kawaida ni kurukia la tatu. Ndiyo maana jibu la kwanza lisiwe na neno “mimi” wala “mimi na wewe” la mahubiri. Chukua Wafilipi 4:4–7. Jibu la kwanza: Paulo anawaambia Wafilipi wafurahi, upole wao ujulikane, wasijisumbue, bali wapeleke haja zao kwa Mungu pamoja na kushukuru, na amani ya Mungu itawalinda. Aliyesoma barua nzima siku ya kwanza atakumbuka mambo mawili: anayesema “furahini” yuko katika vifungo (1:13), na mistari miwili tu nyuma anawasihi Euodia na Sintike wapatane. Upole wa mstari wa 5 una watu wake. Jibu la pili liko wazi: “Bwana yu karibu.”

La tatu ndipo watu huandika, “Niwe mtu wa maombi zaidi.” Hiyo haifanyiki kabla ya jua kuzama wala baada yake. Andika hivi: “Ada ya muhula wa pili niiombee leo kwa kiasi chake kamili, na nishukuru kwamba ya muhula wa kwanza ililipwa. Mchana nimpigie yule tuliyekwaruzana naye kwenye kwaya.”

Usichoelewa kiwekee alama ya kuuliza pembeni, uendelee. Kitamngoja mchungaji au katekista. Ukifungua vitabu vya ufafanuzi hapo hapo, ibada imegeuka somo. Mhubiri na mwalimu wa shule ya Jumapili wajihadhari zaidi: kifungu cha kufundishia kisiwe kifungu cha ibada, maana utasoma ukiwatafutia wengine. Vivyo hivyo anayesoma huku akiwaza mstari upi utapendeza kwenye stetasi ya WhatsApp.

Hatua ya 5: Omba kutokana na ulichosoma

Kaa kimya dakika mbili kwanza. Halafu jibu la pili ligeuze sifa, la tatu ligeuze ombi. Hivyo hutakosa pa kuanzia.

Maneno ya maombi ya hadharani yapumzishe. “Tunakushukuru kwa pumzi ya uhai, wengi walitamani kuiona siku ya leo” ni maneno ya kweli, ila mdomo umeyazoea kiasi kwamba unaweza kuyasema yote huku akili iko sokoni. Toba ndiyo huumia zaidi kwa mtindo huo. “Dhambi nilizotenda kwa kujua na kwa kutokujua” ni sentensi inayobeba kila dhambi bila kuitaja hata moja. Taja: nilimwambia mteja mzigo uko njiani na haukuwa njiani. Ukikosa maneno, Zaburi ya 51 au ya 32 zitakupa.

Kuombea watu, gawa majina kwa siku za juma, matatu hadi matano kwa siku, si zaidi. Orodha ya majina arobaini husomwa kama daftari la mahudhurio.

Sasa ile karatasi chakavu. Mawazo yatakuja: Luku inaisha, mchele umebaki kikombe, bosi hajajibu. Usipigane nayo. Andika neno moja, “Luku”, urudi kwenye sala. Akili ikijua jambo limehifadhiwa hulegeza. Likirudi mara ya tatu, acha mengine yote, uombee hilo.

Dakika 20 zikiisha, simama, hata kama unatamani kuendelea. Kwa mwezi wa kwanza nashikilia hili. Anayekaa saa nzima Jumatatu kwa sababu amenogewa, Jumanne akiikumbuka ile saa nzima huahirisha.

Hatua ya 6: Ukikosa

Fungua utepe ulipo. Hakuna kufidia. Ukikosa siku tatu mfululizo, chunguza usiku wako kabla ya kuchunguza imani yako: mechi za Ulaya na tamthilia zinaisha saa ngapi?

Mama mwenye mtoto mchanga aiweke daftari kando kwa sasa. Zaburi ya 23, ya 121 na ya 131 zikikaririwa zinatosha, na ya 131 ina mistari mitatu tu, inayozungumzia mtoto kifuani mwa mama yake.

Kutosikia chochote moyoni wiki mbili au tatu ni kawaida, endelea na utaratibu uleule. Ila ukavu ukija pamoja na kukosa usingizi na hamu ya kula, hasa baada ya msiba, mwambie mtu wa karibu na uende hospitali.

Mwisho, kuhusu daftari. Kwenye nyumba yenye watu wengi litasomwa. Maungamo yaseme kwa mdomo na usiyaandike, na majina ya uliogombana nao yaandike kwa herufi ya kwanza tu.