Kuinua pua ya Hiace iliyolala: kurekebisha tosheni baa za mbele hatua kwa hatua

Maji yakikupwa pale Likoni, mteremko wa kuingilia ferini huwa mkali, na hapo ndipo dereva husikia bampa ya mbele ikikwangua. Kesho anapita kwa upande, keshokutwa anapita polepole zaidi, na mwezi ukiisha bampa imeshikiliwa kwa waya. Magari mengi ya namna hii yanayoletwa gerejini kwetu Changamwe, Mombasa, hayana ugonjwa mkubwa. Yamelala pua tu kwa miaka ya kubeba watu, na kimo chake kinaweza kurudishwa kwa spana na nusu siku ya kazi. Ila kazi hii ina namna yake, na wengi wanaikosea kwa kukimbilia kukaza nati kabla ya kupima.

Mwongozo huu ni wa Toyota Hiace za kizazi kilichoanza 1989 na kile cha 2004, ambazo ndizo nyingi barabarani kwetu. Nissan Caravan nyingi nazo zina mpango huohuo. Hiace ya kizazi kipya kilichoanza 2019 haihusiki, kwa sababu mbele ina springi za koili na haina bolti ya kurekebisha kimo.

Tosheni baa ni nini hasa

Lala chini ya gari utazame nyuma ya magurudumu ya mbele. Utaona fimbo mbili ndefu za chuma, moja kila upande, zimelala kufuata urefu wa gari. Kichwa cha mbele kimeshika mkono wa gurudumu, na kichwa cha nyuma kimeshikwa na kipande kifupi chenye bolti ndefu ya kurekebishia. Gurudumu likipanda tuta, fimbo inasokotwa. Tuta likiisha, inajisokotoa na kulirudisha gurudumu chini. Hiyo ndiyo springi yako.

Ukikaza ile bolti, husogezi kitu kingine ila mahali fimbo inapoanzia kusokotwa. Naomba hili lishikwe vizuri: kukaza hakuifanyi fimbo kuwa ngumu zaidi. Ugumu wake umo katika unene na urefu wake, na hivyo havibadiliki. Mbona basi gari lililoinuliwa sana linarusha abiria? Kwa sababu mkono wa gurudumu umesogezwa hadi karibu na raba inayouzuia usishuke zaidi. Gurudumu likitaka kuingia shimoni halina pa kwenda, linagonga raba, na mshindo wote unaingia bodini. Dereva anasema shoki zimekufa, ananunua mpya, na gari linaendelea kugonga vilevile.

Kwa hiyo lengo ni kurudisha kimo kilichopotea, pengine na sentimita moja juu yake. Mimi sipandishi zaidi ya sentimita tatu kutoka pale gari lilipofika, hata mwenyewe akisisitiza.

Kabla ya kugusa bolti: limeshuka kwa nini?

Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, na dereva amekaa juu yake kutwa nzima, upande wa kulia. Si ajabu kulia kukachoka kwanza. Lakini usidhanie tu.

Kagua bushi za mikono ya magurudumu, yaani mipira iliyo kwenye maungio yake. Bushi iliyokatika huacha mkono ulegee na gari likae chini. Kagua bolijointi, kiungo cha mviringo kinachoshikanisha gurudumu na mkono wake, kwa kuinua gurudumu na kulitikisa kwa nondo fupi. Ikicheza, inabadilishwa kwanza. Tazama chesisi pale bolti ya kurekebishia inaposhikwa. Hewa ya bahari ya Mombasa inakula chuma kimyakimya, na nimewahi kugonga mahali hapo kwa nyundo ndogo ikatoka kutu kama maganda. Gari la namna hiyo linakwenda kwa mchomeleaji, halikazwi chochote.

Kisha tazama nyuma, maana gari linaweza kuinama upande mmoja mbele kwa kosa la springi ya nyuma iliyovunjika jani, yaani bamba lake mojawapo. Njia ya kujua ni rahisi na haina gharama. Weka jeki katikati kabisa ya difu, lile bonge la gia kati ya magurudumu ya nyuma, uinue nyuma mpaka tairi zote mbili ziache ardhi kidogo. Sasa nyuma imesimama juu ya nukta moja, haiwezi tena kuegemeza gari upande wowote. Mbele ikinyooka, mgonjwa ni springi ya nyuma. Mbele ikibaki imeinama, tosheni ndizo zinazodai kazi.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya gari moja la viti kumi na vinne lililoletwa kwetu baada ya kupita gereji nyingine. Kulia kulikuwa chini kwa sentimita mbili na nusu, wakakaza tosheni ya kulia peke yake mpaka thredi zikakaribia kwisha. Kumbe nyuma kulia jani la springi limevunjika. Tairi ya mbele kulia ikaliwa ukingo wa nje, na mwenye gari, baba wa watu anayetegemea gari hilo moja, akalipa tairi, springi na kazi mara mbili. Dakika kumi za jeki chini ya difu zingemwokoa.

Hatua ya 1: Pima na uandike

Tafuta sakafu iliyosawazishwa. Uwanja wa changarawe hautakupa kipimo cha kweli. Jaza tairi upepo unaotakiwa, toa mizigo, lisukume gari mbele na nyuma mara mbili ili magurudumu yatulie. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu wima mpaka ukingo wa bodi, pembe zote nne. Usipime kutoka ardhini, kwani tairi iliyolika itakudanganya.

Ukiwa hapo, lielekeze gari ukutani umbali wa mita tano, washa taa, ubandike utepe pale mwanga unapokatikia. Utauhitaji mwishoni.

Hatua ya 2: Amsha bolti

Safisha thredi kwa brashi ya waya mpaka ziwake, upulizie mafuta ya kulegeza kutu. Kwa gari la Pwani fanya hivyo jioni, urudie asubuhi. Bolti iliyoshikwa na chumvi ikilazimishwa hukatika, na ikikatika ikiwa imebeba uzito wa gari inaweza kumuumiza mtu vibaya. Pima kwa rula urefu wa thredi zinazoonekana kila upande, uandike. Ukipotea katikati ya kazi, namba hiyo ndiyo itakurudisha ulikotoka.

Hatua ya 3: Inua gari

Weka vizuizi nyuma ya tairi za nyuma, vuta hendibreki, inua mbele, kisha lishushe gari juu ya stendi mbili chini ya chesisi ili magurudumu ya mbele yaning'inie. Sasa mzigo mwingi umeiondoka tosheni, na nati itazunguka bila kupigana nawe. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake au mawe ya matumbawe. Mawe yale hupasuka bila kutoa ishara.

Hatua ya 4: Zungusha

Legeza nati ya kufungia, ile inayozuia bolti isilegee yenyewe. Tia greisi kidogo kwenye thredi. Tumia soketi yenye pembe sita inayokaa sawasawa, kwa sababu spana iliyolegea itaviringisha pembe za nati. Kaza bolti ya kurekebishia mizunguko miwili kamili kila upande. Miwili tu, hata kama unaona bado.

Usihesabu mizunguko ukadhani umemaliza. Fimbo mbili zilizochoka tofauti zitahitaji mizunguko tofauti, na tunachotafuta ni vimo kulingana. Ukikaza kulia, kushoto nako kutasogea kidogo, kwa hiyo nenda kidogokidogo ukibadilishana pande.

Thredi zikiisha kabla ya kimo kurudi, simama hapo. Itabidi fimbo itolewe na kupangwa upya kwenye meno yake, na hiyo ni kazi ya fundi aliyewahi kuifanya. Fimbo za kulia na kushoto hazibadilishani nafasi. Kila moja imeundwa kusokotwa upande wake.

Hatua ya 5: Shusha, tembeza, pima tena

Gari likitoka juu ya stendi litaonekana refu mno. Usishangilie. Tairi zimebana kwa ndani na zinalishikilia juu. Liendeshe kilomita mbili tatu, upite matuta, upige breki mara kadhaa, kisha lirudishe palepale ulipopimia. Ndipo upime. Rudia hatua ya tatu mpaka hii, kwa mzunguko mmoja au nusu, hadi kulia na kushoto viachane kwa chini ya nusu sentimita.

Mwisho chungulia ile raba inayozuia mkono usishuke. Gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kidole kipite kwa raha kati ya raba na chuma. Kisipopita umezidisha, legeza mzunguko mmoja. Hakikisha pia mipira ya breki haijavutika usukani ukikatwa mpaka mwisho, kushoto na kulia. Halafu kaza nati za kufungia.

Hatua ya 6: Alaimenti na taa, siku hiyohiyo

Ukibadili kimo, magurudumu yanabadili mwelekeo, na sehemu zake za juu huelekea kuegemea nje. Tairi mpya inaweza kuliwa ukingo ndani ya majuma machache. Usiliache gari lirudi kwenye ruti likisubiri alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu kwa mashine, ya kesho. Nenda nalo likiwa na mafuta kiasi cha kawaida tangini, na umwambie fundi wa mashine kwamba kimo kimebadilishwa, ili asirekebishe usukani peke yake.

Kisha rudi kwenye ule ukuta. Mwanga sasa utakuwa juu ya utepe. Zungusha skrubu za taa mpaka urudi pale ulipokuwa. Anayekuja mbele yako usiku kwenye barabara ya Mtwapa hana njia ya kukwepa mwanga unaompiga machoni.

Baada ya juma moja la kazi pima tena, kwa kuwa bushi hutulia na kimo hushuka milimita chache. Andika vipimo vinne pamoja na tarehe kwenye karatasi, uibandike ndani ya mlango wa dereva. Fundi wa baadaye, awe wewe au mwingine, ataanzia hapo.